Wagonjwa Wasiofika Dirishani

Marhamu ya kwanza niliyotengeneza kwa ajili ya mnyama wa porini nusura imuue. Kipimo sikukosea. Dawa ilikuwa ndiyo yenyewe, asilimia yake ndiyo, na niliipima mara mbili kama nilivyozoezwa tangu chuoni. Mgonjwa alikuwa bata wa mwituni mwenye kidonda chini ya bawa, ameletwa kwenye kituo kinachotunza wanyama walioumia, na daktari wa kituo alikuwa ameishiwa dawa ya kupaka. Nikachanganya, nikatia kwenye kopo, nikabandika lebo nzuri, nikapeleka. Kesho yake simu ikalia.

"Mfamasia, dawa hii umeichanganya na nini?"

"Mafuta mgando, daktari. Kama kawaida."

"Kawaida ya nani? Ndege wangu anazama."

Sikuelewa. Bata anazamaje? Akanieleza polepole, kwa sauti ya mtu anayejizuia kufoka. Unyoya wa bata una vijinyuzi vilivyoshikana kwa vikulabu vidogo sana, na katikati yake hewa hunaswa. Hewa hiyo ndiyo inayomwelesha, na ndiyo blanketi lake. Mafuta yakigusa unyoya, vijinyuzi hugandana, maji hupenya mpaka kwenye ngozi, na ndege huanza kupoteza joto. Ndiyo maana meli ikimwaga mafuta baharini hufa hata ndege ambao hawakumeza tone. Mimi nilikuwa nimemmwagia bata mmoja mafuta ya meli yangu mwenyewe, kwa nia njema, kutoka kwenye kopo lenye lebo nzuri.

Walimwosha kwa sabuni ya vyombo, wakamweka kwenye chumba cha joto, akapona. Nikatengeneza dawa nyingine, safari hii kwa msingi wa maji, na nikaanza kujiuliza ni mambo mangapi mengine ninayoyaita "kawaida" ambayo ni kawaida ya binadamu tu.

Chuoni mgonjwa wetu alikuwa mtu mzima wa kilo 70. Hakuwa na manyoya wala magamba. Ukimwambia kutwa mara tatu anaelewa, na dawa ikimkataa anarudi dirishani kulalamika. Mnyama wa porini uzito wake hukadiriwa kwa macho, mara nyingi kutoka mbali, na aliye hai zaidi ndiye mgumu zaidi kumkadiria kwa sababu hatulii. Akishaamka anaondoka, na hakuna wa kumkimbilia akimwambia amalize dozi. Na wapo wengine ambao dawa zetu huwafikia bila daktari yeyote kuwaandikia. Hao ndio walionifanya niandike makala hii, lakini acha kwanza nimalize habari za wale wanaoandikiwa.

Ukitaja tiba ya wanyamapori watu huona picha moja: helikopta, mtu mwenye bunduki ya usingizi, kifaru anayeyumba. Hakuna anayemwona aliyeandaa kilichomo ndani ya ile sindano. Ajabu ni kwamba hata bunduki yenyewe ina mkono wa mfamasia. Colin Murdoch wa New Zealand, aliyezaliwa 1929, alikuwa mfamasia na tabibu wa wanyama. Ndiye aliyebuni bomba la sindano la plastiki la kutumika mara moja na kutupwa, akabuni kifuniko cha chupa ya dawa ambacho mtoto hawezi kukifungua, na akawa miongoni mwa waanzilishi wa bunduki ya kurusha sindano ya usingizi. Wazo hilo lilimjia alipokuwa na wenzake wakichunguza mbuzi mwitu na kulungu: kazi ingekuwa rahisi kiasi gani kama dawa ingeweza kumfuata mnyama badala ya mnyama kufukuzwa! Siku ambazo nimeshinda nikihesabu vidonge na kutukanwa kwa foleni, huwa namkumbuka Murdoch.

Sindano ya kurushwa ina shida moja ambayo daktari huibeba kwa mfamasia: haiwezi kuwa kubwa. Ikiwa nzito hupinda njia, na ikifika humchana mnyama misuli. Kwa hiyo una mililita chache tu za kufanyia kazi. Sasa chukua ketamini, dawa ya usingizi, ya nguvu ya miligramu 50 kwa mililita, ya kawaida kabisa hospitalini, na mnyama anayehitaji miligramu 600. Hizo ni mililita 12, sindano ya kumwangusha kwa uzito wake badala ya usingizi. Kwa nguvu ya miligramu 200 kwa mililita unabaki na mililita 3, nayo inarushika. Nguvu hiyo haikai kwenye rafu ya kila famasia. Lazima mtu aitengeneze, aihakikishe ni safi haina vijidudu, na ajue kama itabaki kuwa maji asubuhi ya baridi au itatoa chembe zitakazoziba tundu la sindano wakati chui amesimama mbele yenu. Wengine huongeza hialuronidesi, kimeng'enya kinacholegeza gundi iliyopo kati ya seli, ili dawa isambae haraka. Dakika chache zikipungua hapo, mnyama hakimbii mbali, hajipigi kwenye miamba, wala hatumbukii mtoni akiwa nusu amelala.

Halafu ipo etorfini. Katika familia ya mofini huyu ni mtoto mkorofi: nguvu zake ni maelfu ya mara kuliko za mofini yenyewe. Miaka ya 1960, faru weupe walipokuwa wakikamatwa Umfolozi, Afrika Kusini, ili wakazalishwe kwingine, dawa hii ndiyo iliyoiwezesha kazi ile. Kifaru dume wa tani mbili hulazwa kwa miligramu chache tu. Fikiria basi tone lililobaki kwenye ncha ya sindano lina maana gani kwa mwanadamu aliyejichoma kidole. Mfamasia wa kazi hii hatoi etorfini peke yake. Hutoa na dawa ya kumzindua mnyama, na zaidi ya yote hutoa dawa ya kumwokoa mtu, na huhakikisha hiyo ya mtu imeshavutwa kwenye bomba kabla kichupa cha etorfini hakijafunguliwa. Husisitiza pia jambo ambalo wengi hulisahau: nalokisoni, dawa ya kuokoa tuliyoizoea, huisha mwilini mapema. Aliyechomwa akizinduka na kusema "niko sawa" bado anaweza kuzimika tena njiani. Rejista inasainiwa na wawili, vichupa vitupu vinarudi na kuhesabiwa. Kuna madaktari wanaoniona msumbufu. Sawa, waendelee kuniona hivyo.

Kuhusu vipimo, kisa kinachotajwa kila mara ni cha Tusko, ndovu dume wa bustani ya wanyama ya Oklahoma City, Marekani. Tarehe 3 Agosti 1962 watafiti walimchoma miligramu 297 za LSD, dawa inayomfanya mtu aone njozi, wakitaka kuona kama ingemtia kichaa kama kile cha ndovu dume walio kwenye kipindi chao cha ukali. Dozi waliipata kwa kuchukua kiasi kilichotumika kwa paka na kukizidisha kwa uzito wa ndovu. Baada ya dakika chache Tusko alianguka akitetemeka. Wakampa dawa nyingine nyingi kumnusuru, na chini ya saa mbili alikuwa amekufa. Mpaka leo watu hubishana ni ipi kati ya hizo iliyomuua.

Kosa la hesabu, lakini, halina ubishi. Mwili hautumii dawa kwa kufuata kilo moja kwa moja. Mnyama akiwa mzito mara 16 kuliko mwenzake, mwili wake huchoma nishati takriban mara 8 tu, si 16. Kadiri mnyama anavyokuwa mkubwa ndivyo kila kilo yake inavyofanya kazi taratibu, na dawa hukaa zaidi. Kanuni hii mwanasayansi Max Kleiber aliieleza tangu 1932, miaka 30 kabla ya Tusko. Na hata ukiijua haitoshi, kwa sababu hesabu hiyo inachukulia kwamba maini yote ni ndugu. Si ndugu. Paka wa nyumbani hana uwezo wa kutosha wa kuivunja parasetamoli kwa njia tunayoitumia sisi, na udhaifu huo anao yeye pamoja na jamaa zake wakubwa, simba na duma. Kobe hustahimili mambo mengi, lakini ivamektini, dawa ya minyoo wanayopewa wanyama wa kila aina, inaweza kumpooza na kumuua. Mjusi ukimchoma kwenye mguu wa nyuma, damu ya huko inaweza kupitia kwenye figo kabla ya kuzunguka mwilini, kwa hiyo ni afadhali umchome mbele.

Wa kuniumiza kichwa zaidi ni koala. Mnyama huyu anaishi kwa kula majani ya mikaratusi, majani yenye sumu ambayo wengine huyaepuka, na ini lake limekuwa mtambo wa kuondoa sumu. Unampa dawa ya maumivu, meloksikamu, naye anaifuta haraka kama jani jingine tu. Akipata klamidia, ugonjwa unaowapofusha na kuwafanya wagumba, unahitaji antibayotiki, lakini tumboni mwake kuna bakteria wanaomsaidia kuyamudu majani hayo. Ukiwaua hao, koala anakonda huku amezungukwa na chakula. Kloramfenikoli ndiyo iliyotegemewa Australia kwa miaka mingi kwa kuwa iliwavumilia bakteria wale kuliko nyingine. Kisha ikawa adimu. Binadamu hawaitumii tena sana, wenye viwanda hawana sababu ya kuitengeneza kwa wingi, na koala hana soko. Habari za aina hii mfamasia huzijua kabla ya daktari, maana yeye ndiye anayeagiza na kuambiwa haipo. Kupiga simu mapema na kusema "dawa yako itaisha, tutafute nyingine sasa" haina mvuto wa helikopta, lakini huenda ndiyo kazi kubwa kuliko zote ninazozifanya.

Tukija kwenye kuchanganya dawa, kuna utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2010 ambao huwa nausoma kama onyo langu binafsi. Pengwini wanaofugwa hushikwa sana na fangasi wa mapafu, na tiba yake mojawapo ni itrakonazoli. Vidonge na kapsuli za binadamu ni kubwa mno au hazigawanyiki vizuri, kwa hiyo mtu hununua unga wa dawa na kuuchanganya kuwa dawa ya maji. Watafiti wakawapima pengwini wa Afrika damu baada ya kuwapa dawa iliyotokana na kiwanda na ile iliyochanganywa kutoka kwenye unga mtupu. Iliyotoka kwenye unga haikuonekana kwenye damu. Si kwamba ilikuwa kidogo, haikuonekana kabisa. Itrakonazoli haipendi maji. Kiwanda huipaka juu ya vipunje vidogo kwa ufundi maalumu ili tumbo liweze kuinyonya, na unga mtupu hupita kama mchanga. Chupa mbili zinafanana rangi, zinafanana lebo, zina miligramu zilezile. Moja ni dawa na nyingine ni maji ya chokaa, na pengwini hawezi kukuambia kuwa haoni nafuu. Niliwahi kuchanganya itrakonazoli kwa unga. Si kwa pengwini, na yule mgonjwa alikufa, na sitajua kamwe.

Dawa hiyohiyo kwa chura huwa bafu. Ngozi ya chura hunywa, na ugonjwa wa fangasi uliofagia vyura katika mabara kadhaa hukaa kwenye ngozi hiyohiyo, basi unamlaza kwenye myeyusho mwepisi dakika chache kila siku. Rahisi, na inapendeza.

Mbweha nao walitibiwa kwa ujanja zaidi. Mwaka 1978 Uswisi ilianza kuwakinga na kichaa cha mbwa kwa kutupa porini vichwa vya kuku vilivyofichwa chanjo ndani yake. Kazi hiyo ilienea Ulaya, na chambo kikawa cha kiwandani. Utajuaje mbweha gani alikula? Ndani ya chambo waliweka tetrasaiklini, antibayotiki ambayo wafamasia tunawakataza watoto na wajawazito kwa sababu hujikita kwenye meno yanayokua. Kasoro ikageuzwa kuwa kalamu: jino la mbweha likimulikwa kwa mwanga wa urujuani linang'aa manjano, naye anatembea na rekodi yake ya dawa mdomoni. Aliyefikiria hivyo, awe nani, alikuwa amezisoma zile karatasi ndogo za ndani ya boksi ambazo kila mtu huzitupa.

Sasa tumbusi.

India ilikuwa na tumbusi kwa mamilioni. Ng'ombe akifa, walishuka na kumaliza mzoga kabla haujaoza. Kuanzia miaka ya 1990 wakaanza kuinamisha vichwa na kudondoka mitini. Aina moja, tumbusi wa mgongo mweupe, alipungua kwa asilimia 99.9 kati ya 1992 na 2007. Watu walidhani ni virusi. Jibu lilipatikana Pakistan na kutangazwa 2004: ndani ya maiti za ndege hao viungo vilikuwa vimefunikwa na unga mweupe wa asidi ya uriki, dalili kwamba figo zilikuwa zimekufa, na kilichoziua ni diklofenaki. Dawa ya maumivu ya viungo. Ile ambayo nimeitoa dirishani mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Wafugaji waliwachoma ng'ombe waliokuwa wakichechemea, baadhi ya ng'ombe wakafa dawa ikiwa bado mwilini, na mzoga mmoja hulisha kundi zima.

India, Pakistan na Nepal zilipiga marufuku diklofenaki ya mifugo mwaka 2006. Ungedhani yameisha. Lakini diklofenaki ya binadamu ilibaki madukani, na ilikuwa ikiuzwa kwa vichupa vya mililita 30. Jiulize ni binadamu gani anahitaji kichupa hicho. Sindano ya mtu mmoja ni mililita 3. Kila aliyesimama nyuma ya kaunta na kuuza kichupa kile alijua, au angejua kama angejiuliza, kwamba mgonjwa ana kwato. Ilichukua mpaka 2015 kwa India kuamuru kichupa kisizidi mililita 3. Mjadala huo ulihusu ukubwa wa kifungashio tu, jambo ambalo hakuna daktari wa wanyama angekuwa wa kwanza kuliona, ila mfamasia yeyote angeliona kwa kutupa jicho kwenye rafu.

Mbadala ulikuwepo. Meloksikamu ilijaribiwa kwa tumbusi ikaonekana salama kwao. Wengine wakakimbilia ketoprofeni, nayo ikaonekana inaua. Wengine wakachukua aseklofenaki, jina tofauti na boksi tofauti, kumbe mwilini mwa ng'ombe hugeuka kuwa diklofenaki. Hizo mbili India ilizipiga marufuku kwa mifugo mwaka 2023. Anayejua majina ya dawa bila kujua mwili unazifanyia nini angeendelea kupokea mbadala mmoja baada ya mwingine kwa moyo mweupe. Na tumbusi walipotoweka, mizoga iliachiwa mbwa, nao wakaongezeka pamoja na hatari ya kichaa cha mbwa, na mizoga iliyooza ikachafua maji. Wachumi wawili walikadiria mwaka 2024 kwamba vifo vya ziada vya watu nchini India kati ya 2000 na 2005 vilifikia 500,000.

Tangu nisome habari hizo siwezi tena kuiona dawa kama kitu kinachoishia kwa aliyeimeza. Pentobabitali tunayompa farasi mzee ili afe bila maumivu hubaki kwenye nyama yake, na tai akila kabla hajazikwa naye hulala usingizi huohuo. Nikiitoa naandika kwenye lebo, kwa herufi kubwa, kwamba mzoga uchomwe au ufukiwe kina kirefu. Huko Ontario, Kanada, watafiti walitia kwenye ziwa dogo homoni ya vidonge vya uzazi wa mpango, nanogramu 5 hadi 6 tu kwa lita, kwa miaka mitatu. Samaki dume wadogo walianza kutengeneza protini ya kiini cha yai, na kundi lao likakaribia kutoweka. Nanogramu tano. Hakuna mizani kwenye famasia yangu inayoweza kupima kiasi hicho.

Kwa hiyo siku hizi mtu akiniuliza dirishani afanye nini na vidonge vilivyobaki, simwambii tena amwage chooni kama nilivyokuwa nikisema zamani bila kufikiri. Namwambia avirudishe hapa, na nina ndoo yenye kufuli kwa kazi hiyo. Wenzangu wanaiita ndoo ya samaki.

Wiki iliyopita daktari wa kituo alipiga simu. Tumeshazoeana, salamu zimekuwa fupi.

"Mfamasia, nina fisi maji, mtoto, ameumwa na mbwa mgongoni. Nataka ile dawa ya kupaka."

Nilikuwa nimeshashika kalamu. "Manyoya yake yananasa hewa?"

"Kama yale ya bata, na zaidi."

"Basi bila mafuta."

"Bila mafuta," akasema. Nikasikia anacheka upande wa pili.